Theluji ya Musa, greda la Mjomba

Kikundi: Ukoo wa Shosho
Jumamosi

14:06 Musa: Habari za mchana wapendwa. Huku Minnesota ni saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 18 chini ya sifuri. Theluji imeanguka usiku kucha, sentimita 20. Nina zamu saa mbili na gari limekwama ndani. Niombeeni.

14:06 Musa: [picha]

14:07 Mama Musa: Mwanangu, umevaa soksi mbili?

14:07 Musa: Tatu, Mama.

14:08 Kevo: Chini ya sifuri 18??? Sisi hapa Githurai Julai ikifika 12 tunajifunga mpaka pazia 😂😂

14:09 Shosho: [sauti, sekunde 14]

14:10 Njeri: Shosho anauliza hiyo nyeupe ni ile ya Kirinyaga, juu ya Mlima Kenya, ama ni kama ile ya Nyahururu. Anamaanisha ile mvua ya mawe ya 2008, watu wakadhani ni theluji.

14:11 Musa: Ni ile ya Kirinyaga, Shosho. Ikianguka ni laini kama unga. Ikishakanyagwa na gari mara mbili inakuwa saruji.

14:12 Kevo: Si uchukue sepeto ufanye mazoezi, umenona huko

14:14 Musa: Kevo, piga hesabu. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni mita 90, upana mita 3. Zidisha kwa hiyo sentimita 20, unapata mita 54 za ujazo. Hata ikiwa nyepesi, kilo 100 kwa kila mita, hizo ni zaidi ya tani 5. Na sepeto?

14:14 Kevo: Nimenyamaza

14:16 Musa: Ndiyo maana nilinunua ile trekta ndogo, nguvu za farasi 25, na bledi ya nyuma ya futi 6, lile bapa la chuma la kukwangua. Theluji yenyewe si shida. Wiki jana ilipoanguka mara ya kwanza nilipita na bledi, nikajiona fundi. Ilipoyeyuka nikakuta changarawe yangu yote iko kwenye nyasi. Njia imebaki udongo mtupu. Sasa naogopa kurudia.

14:17 Mama Musa: Jameni. Na uliilipia hiyo changarawe.

14:19 Mjomba Isaya: Weka picha ya njia vile ilikuwa baada ya kukwangua. Si ya leo. Ya wiki jana

14:20 Musa: [picha]
[picha]

14:26 Njeri: Baba ametoa miwani, akavaa, akatoa tena. Sasa ananiambia niandike kwa sababu vidole vyake havienei kwenye hii simu. Anayosema ni haya:

"Musa, angalia picha ya pili. Upande wa kulia umechimbwa kama mtaro, wa kushoto umepapaswa tu. Bledi yako haijalala sawa. Nimeendesha greda miaka 22, siwezi kukosa hiyo alama. Ile mikono miwili ya chini inayobeba bledi, mmoja una skrubu ya kuurefusha na kuufupisha. Wako wa kulia umeshuka kuliko mwenzake. Aliyekuuzia trekta alikuwa akitengenezea mitaro, akaiacha hivyo. Isimamishe mahali sawa, shusha bledi ibaki kidogo tu juu ya ardhi, pima kila ncha na utepe."

14:27 Musa: Mjomba, alikuwa mkulima wa mahindi. Na kweli kuna mtaro kwake 😳

14:27 Mjomba Isaya: Pima

14:41 Musa: Nimepima ndani ya banda, sakafu ya saruji. Kushoto sentimita 7. Kulia 2.

14:41 Kevo: WUEH

14:42 Mama Musa: Isaya hakosi.

14:45 Njeri: Anacheka peke yake. Anauliza: haidroliki ya hiyo trekta inakandamiza bledi chini, ama inaiachilia tu?

14:46 Musa: Inaachilia tu. Bledi inalala kwa uzito wake.

14:50 Njeri: "Basi hiyo si greda, hiyo ni plau ya ng'ombe. Hapo una bahati na pia una kisirani. Bahati ni kwamba haiwezi kuzama sana ikiwa imelala sawa. Kisirani ni kwamba theluji ikishakuwa saruji kama unavyosema, bledi itaruka juu yake. Kwa hivyo usingoje ikanyagwe. Lakini kwanza niambie, wiki jana ardhi ilikuwa ngumu ama laini?"

14:52 Musa: Laini, Mjomba. Ilikuwa bado haijaganda. Mzee jirani aliniambia baadaye kwamba theluji ya kwanza huku hawaikwangui mpaka chini. Wanaiacha inchi moja au mbili, wanaikanyaga na magari, inaganda juu ya changarawe kama zulia. Halafu msimu mzima unakwangua juu ya zulia.

14:53 Mjomba Isaya: Huyo mzee ana akili

14:55 Musa: Tena yeye amechukua bomba la chuma, akalipasua kwa urefu, akalivisha kwenye makali ya bledi. Makali hayachimbi tena, yanateleza juu ya mawe.

14:56 Njeri: Baba anasema huyo mzee lazima alisomea kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji 😂

14:56 Kevo: Jua kali ya barafu

14:58 Musa: Mimi sina bomba leo na dukani hakujafunguliwa. Viatu vya bledi, vile vyuma vya kuiinua kidogo juu ya ardhi, pia havikuja na hii. Nifanye nini sasa hivi?

15:04 Njeri: Subirini, anaonyesha kwa mikono, mpaka anamwaga chai.

"Moja, sawazisha huo mkono wa kulia. Mbili, ng'oa pini, geuza bledi yote, mgongo utazame trekta na uso utazame nyuma. Ukienda mbele, utakuwa unaburuta mgongo wake, hauna njaa ya kuchimba. Ukirudi nyuma, uso ndio unasukuma. Sisi tulifanya hivyo tukimalizia barabara ya changarawe ili tusitoe mawe tuliyoyatandaza jana yake."

15:06 Musa: Kurudi nyuma shingo inaniuma lakini sawa. Na nikishaiweka mshazari ili itupe pembeni, inapungua upana. Futi 6 kwenye nyuzi 30 inabaki futi 5 na kitu. Matairi yangu yanachukua futi 4 na nusu, kwa hivyo inatosha, ila kidogo tu.

15:07 Mjomba Isaya: Inatosha. Kila mapito yafunike ya kwanza kidogo

15:07 Kevo: Hapa ni kikundi cha ukoo ama ni shule ya ufundi

15:08 Mama Musa: Kevo wacha wakubwa waongee. Musa hiyo trekta haitelezi?

15:09 Musa: Nimefunga minyororo kwenye matairi ya nyuma, Mama. Na nimefunga mkanda. Injini nilikuwa nimeichomeka kwenye umeme tangu jana usiku ipate joto, na dizeli ni ile ya baridi. Ile ya kawaida huku inaganda kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa nje.

15:10 Mama Musa: Ati dizeli inaganda. Mungu wangu.

15:14 Njeri: Baba ana swali la mwisho halafu anakuachia uende. Anasema hili ndilo kubwa kuliko yote na hakuna aliyeliuliza. "Unaimwaga wapi?"

15:15 Musa: Upande wa juu, karibu na ua. Kuna nafasi.

15:21 Njeri: "Usithubutu. Musa, umesahau ulipozaliwa? Masika yakianza hapa Ruai, yeyote aliyerundika udongo upande wa juu wa barabara anaipata barabara ndani ya nyumba. Hiyo theluji ni maji yamekaa tu. Siku jua likitoka itashuka, ipite juu ya njia yako, na usiku ukiingia baridi inarudi. Utaamka ukute kioo. Mwaga upande wa chini. Na usiiache pale pale ukingoni, isukume mbali ukiwa bado una nafasi, kwa sababu ya wiki ijayo nayo itataka mahali."

15:23 Musa: Mjomba. Hiyo ndiyo ilinitupa chini mwaka jana nikaumia kiuno. Nilidhani ni bomba limepasuka.

15:23 Mama Musa: Kiuno gani?? Hukuniambia mambo ya kiuno.

15:24 Musa: Mama naenda kufanya kazi, tutaongea 🏃🏾

16:38 Musa: [video]

16:39 Musa: Tazameni. Nimemaliza. Dakika 50, njia nyeupe safi, imebaki kama inchi moja juu ya mawe. Hakuna hata jiwe kwenye nyasi. Yote iko upande wa chini, mbali. Mjomba nakudai mbuzi, hapana, wewe unanidai mbuzi.

16:40 Kevo: Hiyo trekta inapendeza, aki. Niletee

16:40 Mjomba Isaya: Kona ya mwisho umeiharakisha. Lakini umefaulu

16:52 Musa: Wapendwa. Siamini.

16:52 Musa: [picha]

16:53 Musa: Lori la kaunti limepita barabara kuu likisukuma theluji yake. Limenirundikia tuta hapa mdomoni mwa njia, linafika kwenye goti, na hili si unga, ni mabonge. Gari haliwezi kutoka. Na siruhusiwi kulirudisha barabarani, sheria ya huku inakataza. Dereva ameniona nimesimama na trekta, akanipungia mkono akaenda.

16:54 Kevo: 😭😭😭😭

16:54 Mama Musa: Na shetani ashindwe.

16:59 Njeri: Baba anasema: "Usimtukane huyo dereva. Bledi yake inatupa kulia, wewe uko kulia, angefanya nini? Akisimama kusafisha kila lango hatamaliza barabara. Mdomo wa njia unaachwa mwisho, baada ya lori kupita. Rudi nyuma na uso wa bledi, toa kidogo kidogo, usiligonge lote mara moja utapinda mikono ya kubebea. Dereva ana bosi wake na ana kilomita zake."

17:01 Shosho: [sauti, sekunde 41]

17:03 Njeri: Haya. Shosho anasema amesikia hayo ya madereva. Anasema mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño, greda lilipita huko kwake Waithaka likaacha tuta la udongo kwenye lango lake, na aliyekuwa juu ya greda alimpungia mkono.

17:03 Kevo: Ngoja

17:03 Musa: Mjomba???

17:05 Mjomba Isaya: Mama hayo yaliisha

17:06 Shosho: [sauti, sekunde 6]

17:07 Njeri: "Hayajaisha. Nililitoa na jembe."