Ofa mbili za kazi nje, mume ana kisukari: bima ipi itatuumiza kidogo?

Mkoba_Mwekundu

Habari zenu wadau. Naomba tusaidiane hesabu, maana nimekaa nazo wiki nzima na kila nikizirudia napata jibu jingine.

Nina ofa mbili mkononi, moja Uholanzi na nyingine Marekani. Ya Marekani mshahara wake umeipita ile nyingine mbali sana. Tunahama watatu: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9. Mume ana kisukari aina ya kwanza, anajichoma insulini kila siku tangu ujana.

Upande wa matibabu hali iko hivi. Marekani mwajiri ana bima, nitakatwa dola 420 kwa mwezi kwa familia nzima. Halafu karatasi yao inasema kila mwaka dola 3,000 za mwanzo tunajilipia wenyewe, baada ya hapo bima inalipa asilimia 80 na sisi 20, mpaka tuliyotoa mfukoni yafike dola 12,000.

Uholanzi mwajiri hana bima kabisa. Wamenijibu kwa ufupi, "utatafuta mwenyewe ukifika." Hapo ndipo nilipoogopa.

La tatu, kuna wakala kanipigia, anauza bima ya kimataifa inayokufuata nchi yoyote. Kwa mwezi ni rahisi kuliko zote. Kisukari cha mume anasema "kitaingia baada ya miaka miwili". Naelekea kumkubalia huyu, maana mimi ni mtu wa kuhamahama na sitaki kuanza upya kila nchi. Nikosoeni.

Baharia_Mstaafu

Dada, weka kalamu chini kwanza.

Bima za aina hiyo nimezitumia miaka 11, kazi yangu ilikuwa leo bandari hii, kesho ile. Kwa mtu mwenye afya asiye na makazi ya kudumu ni kitu kizuri. Kwa mumeo hapana. Hiyo miaka miwili si ya kungoja kama foleni ya benki. Soma masharti: mara nyingi yanasema ugonjwa wa zamani utalipiwa ukipita miezi 24 mfululizo bila dalili, bila matibabu, bila dawa, bila hata kumwuliza daktari habari zake. Mumeo akijichoma sindano leo asubuhi, hesabu inarudi sifuri. Kesho sifuri tena. Haitafika 24 maisha.

Wakala hakukudanganya. Alikupa nusu ya sentensi.

Mwandikie barua pepe, si simu: "Mume wangu anatumia insulini kila siku. Je, insulini, vipimo vyake na kulazwa kwa sababu ya kisukari vitalipiwa mwezi wa 25, ndiyo au hapana?" Jibu lolote lisiloanza na ndiyo au hapana, lihesabu ni hapana.

Mkoba_Mwekundu

Ukurasa wa 31. Ipo neno kwa neno kama ulivyosema. Nimefunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Tulipu_Kavu

Mimi niko Uholanzi mwaka wa sita. Hilo la "utatafuta mwenyewe" linatisha ukitoka nchi ambako bima ni zawadi ya mwajiri, lakini hapa ndivyo mfumo ulivyo, kwa wote. Tena hata ungenunua ya wakala isingekuokoa: ukifanya kazi hapa sheria inakulazimisha uwe na bima ya msingi ya nchi. Una miezi 4 ya kujiandikisha. Ukichelewa, inakuja barua ya serikali, kisha faini, na mwisho wanakuandikisha wao na kukukata kwenye mshahara. Ukijiandikisha ndani ya ile miezi 4, bima inahesabiwa tangu siku ulipotakiwa kuwa nayo, na ada unazilipa kuanzia siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usidhani ukivuta miezi mitatu umeokoa ada za miezi mitatu. Niliwaza hivyo, nikalipa zote kwa mkupuo.

Sasa la mumeo. Kampuni ya bima hapa HAIRUHUSIWI kumkataa mtu kwenye bima ya msingi wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Kisukari, moyo, saratani, umri, bei ni ile ile. Mimi nalipa euro 158 kwa mwezi. Binti yenu halipiwi ada mpaka afike miaka 18, ila lazima umwandikishe.

Juu ya ada kuna kitu utakiona kila karatasi, wanakiita eigen risico. Ni euro 385 za mwanzo kwa mwaka ambazo kila mtu mzima anajitolea, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 2016. Kumwona daktari wa familia hakugusi hizo 385. Dawa, vipimo vya maabara, hospitali na gari la wagonjwa vinazigusa. Watakushawishi ujiongezee mpaka 885 ili ada ishuke kidogo. Wewe sawa kama una moyo huo. Mumeo asithubutu, atazimaliza zote Februari.

Meno ya watu wazima hayamo. Yatengenezeni kabla ya kupanda ndege.

Kijiti

Nafuatilia.

Bahasha_Tatu

Nizungumzie Marekani, maana naona mnaiogopa na wengine mnaipenda kwa sababu zisizo zenyewe.

Kwanza la faraja: tangu 2014 bima kama hiyo ya mwajiri haiwezi kumwacha mumeo nje kwa sababu ya kisukari. Ataingia siku moja na wewe. Na sheria inaweka mwisho wa kutoa mfukoni, mwaka 2025 ulikuwa dola 18,400 kwa familia. Mwajiri wako ameweka 12,000, si mbaya.

Sasa jina langu hapa limetokana na nini. Mwanangu alianguka na baiskeli akapasuka kidevu. Jirani akaita gari la wagonjwa, sikupata hata nafasi ya kukataa. Dharura, nyuzi nne, picha moja ya taya, saa tatu tukawa nyumbani. Nikajisemea nina bima, yameisha. Wiki ya tatu ikaja bahasha ya hospitali. Ya tano, bahasha ya daktari, maana daktari anayefanya kazi ndani ya hospitali ile si mtu wa hospitali, ana kampuni yake. Ya saba, bahasha ya gari la wagonjwa, na hao hawakuwa kwenye orodha ya bima yangu kabisa, yaani ya watoa huduma wenye mkataba nayo. Tangu Januari 2022 kuna sheria inayokulinda na bei za madaktari wasio kwenye orodha ukipelekwa dharura, ila magari ya wagonjwa ya barabarani hayakuwekwa humo. Ya angani yamo! Nielezeni mantiki.

Niliomba hospitali wanipe ankara yenye mchanganuo, mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa tisa kulikuwa na bandeji ya kifundo cha mguu. Kidevu kilipasuka, mguu ukafungwa! Nikapiga simu, ikafutwa. Tangu siku ile silipi ankara isiyo na mchanganuo, na silipi kabla sijapata karatasi ya bima inayosema sehemu yangu ni kiasi gani.

Na zile 12,000 kwa kawaida zinahesabu hospitali na madaktari walio kwenye orodha tu. Ukijipeleka mwenyewe nje ya orodha, huenda ukawa na kikomo kingine cha juu zaidi, au usiwe nacho kabisa. Uliza.

Mhasibu_Mvivu

Tatizo la swali lako ni kwamba unalinganisha makato ya mwezi. Hayo ni kiingilio tu. Linganisha mwaka mbaya: chukua ada za miezi 12, jumlisha kila unachoweza kulazimika kutoa mfukoni.

Marekani: 420 × 12 = 5,040. Jumlisha 12,000. Dola 17,040.

Uholanzi kwa ada ya Tulipu: 158 × 12 × watu wazima 2 = 3,792. Jumlisha 385 × 2 = 770. Euro 4,562.

Sasa rudi kwenye ule mshahara ulioupita mwingine mbali. Toa kodi pande zote mbili, halafu toa hizi. Inawezekana Marekani bado inashinda, sijui mshahara wako. Lakini familia yenye mtu wa insulini haina mwaka wa "hatukuumwa". Dola 3,000 za mwanzo zihesabu zimeshaondoka kila mwaka, panga maisha kana kwamba hukuwahi kuziona.

Tulipu_Kavu

Mhasibu, hapo ongeza kitu kidogo. Kuna dawa hapa zina nyongeza yake nje ya zile 385, ila nyongeza hiyo ina mwisho, euro 250 kwa mtu kwa mwaka. Kama insulini yake imo kwenye kundi hilo, mwaka mbaya ni 4,812.

Mhasibu_Mvivu

Pokea 4,812.

Shangazi_Twiga

Mbona nimesikia Marekani insulini sasa ni dola 35 tu kwa mwezi?

Bahasha_Tatu

Shangazi, shikamoo. Hizo 35 ni sheria ya Medicare, bima ya wazee na baadhi ya walemavu, ilianza 2023. Baadhi ya majimbo yana vikomo vyao na watengenezaji wameshusha bei, lakini mtu wa bima ya mwajiri asiende na hesabu ya 35 kichwani mpaka aone orodha ya dawa ya bima yake mwenyewe. Mkoba, iombe hiyo orodha kabla ya kusaini. Utafute jina la insulini ya mumeo hasa, si neno "insulini" tu.

Koti_Zito

Hamjataja Uingereza na hakuulizwa, ila nichomekee kwa wanaosoma baadaye. Huku matibabu huyalipii mlangoni, unayalipia kwenye viza, na yote kwa mara moja. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, mtoto 776. Sisi wanne, viza ya miaka 3: pauni 10,866 kabla sijaiona hata ngazi ya ndege. Mwajiri alinirudishia ya kwangu peke yangu. Kwenye barua ya ofa waliandika "gharama za viza tutalipa", mimi nikadhani ni za familia. Hakikisheni imeandikwa ni za nani.

Baada ya hapo kusema kweli sina malalamiko ya pesa. Mke wangu amejifungua, ankara sikuiona.

Mapapai_Mawili

Japani: unachangia asilimia 30, bima ya nchi inalipa 70, na kuna kikomo cha mwezi kinachofuata kipato chako. Ukiona 30 usikimbie, tazama kikomo.

Baharia_Mstaafu

Kuna jambo moja bado halijaguswa: kazi ikiisha?

Marekani bima imefungwa kwenye kazi. Ukiachishwa, kuna utaratibu wa kubaki nayo, kwa kawaida mpaka miezi 18 kama kampuni ina wafanyakazi 20 na zaidi, lakini unalipa ada yote, ile ya kwako na ile aliyokuwa anakulipia mwajiri, na asilimia 2 juu. Zile 420 zako ni kipande tu cha bei halisi. Mwulize mwajiri bei kamili ni ngapi, usije ukaijua siku umepoteza mshahara. Na kama viza ni ya kazi, ile ya H-1B inakupa siku 60 tu za kutafuta kazi nyingine au kufungasha.

Uholanzi bima ni mkataba wako na kampuni ya bima. Bosi akikufukuza Ijumaa, Jumatatu mumeo anachukua insulini kama kawaida, alimradi ada imelipwa na bado mnaishi pale kihalali.

Nesi_wa_Usiku

Mimi si mtu wa pesa, ila nawaona wageni wanavyofika. Msafiri na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe, si jina la biashara tu, kwa sababu jina la kwenye kopo hubadilika nchi kwa nchi. Vipimo vya mwaka mmoja nyuma. Na insulini ya miezi mitatu kama daktari atakubali, kwenye mkoba wa mkononi. Ikipelekwa kwenye mizigo chini inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Wiki za mwanzo, kabla kadi ya bima haijafika, ndizo watu hulipa kwa bei ya mtu asiye na bima.

Shangazi_Twiga

Na wazazi wakija kuwatembelea wajukuu?

Tulipu_Kavu

Hao ndio wa bima ya safari, shangazi. Viza ya Schengen, ya kutembelea Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya, yenyewe inadai iwe na kikomo kisichopungua euro 30,000, ikiwemo kurudishwa nyumbani. Lakini ni ya dharura tu. Babu asije na presha akidhani atapimwa huku.

Mkoba_Mwekundu

Asanteni sana. Wakala nimemjibu, akaniandikia aya nne. Haikuanza na ndiyo wala hapana.

Marekani nimeuliza bei kamili ya bima, orodha ya dawa, na kama hospitali iliyo karibu na ofisi imo kwenye orodha yao. Bei wameitaja: dola 1,960 kwa mwezi. Orodha ya dawa wamesema watatuma Jumatatu. Mume kaangalia hesabu ya Mhasibu kwa muda mrefu, halafu akaniuliza Uholanzi kunanyesha sana?

Tulipu_Kavu

Kunanyesha.