Kikundi cha familia: Kidonge cha Shangazi

Hamisi: Wapendwa, mama hana raha tangu juzi. Kichefuchefu, kiu haimwishi, usiku anaamka kukojoa mara nne, tano. Na choo kimefunga. Neema, upo?

Neema: Nipo kaka, ndiyo kwanza natoka zamu. Shikamoo Shangazi. Sukari mmepima?

Hamisi: Jana. Iko sawa.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mwili tu umechoka. Nilitegemea hizi dawa za mifupa zingenipa nguvu, maana walinipima vitamini D wakakuta 28.

Neema: Wanataka ifike 50, kwa hiyo upungufu ulikuwepo kweli. Dawa yenyewe ipi? Nipigie picha kichupa, upande wenye maandishi madogo.

Shangazi Rehema: [picha]

Neema: Shangazi, hiki kimeandikwa yuniti 50,000. Unameza vingapi?

Shangazi Rehema: Kimoja kila asubuhi nikishakula. Sijakosa hata siku moja.

Neema: Tangu lini?

Shangazi Rehema: Mwezi wa tatu unaingia.

Neema: Usimeze tena Shangazi wangu, hata hicho cha kesho. Kidonge cha nguvu hiyo humezwa kimoja kwa WIKI. Hamisi, mpeleke hospitali leo leo. Waambie wapime kalsiamu ya damu na figo. Beba na kichupa.

Hamisi: Tunatoka sasa hivi.

Baba Mdogo Idi: Ngoja kwanza, hata vitamini inadhuru? Mimi nilijua ikizidi mtu anaikojoa yakaisha.

Neema: Shikamoo Baba Mdogo. Hiyo ni kama vitamini C, inayeyuka kwenye maji. D inayeyuka kwenye mafuta, mwili unaiweka akiba, haitoki upesi. Kazi yake ni kuvuta kalsiamu ya chakula iingie kwenye damu. Ikizidi mno, kalsiamu inajaa damuni na figo zinahangaika kuitoa. Ndiyo hiyo kiu na kukojoa. Ikiachwa hivyo figo zinaumia.

Baba Mdogo Idi: Marahaba. Mungu atunusuru. Mama watoto anameza za 1,000 kila siku, aache?

Neema: Hizo hazina shida. Mtu mzima anahitaji kama yuniti 600 kwa siku, aliyevuka miaka 70 anahitaji 800. Asizidishe 4,000 kwa siku bila daktari kumsimamia. Ila soma vizuri, vichupa vingine vimeandikwa kwa mikrogramu. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hiyo palipoandikwa 25 ni ile ile 1,000 yako. Nimeshaona watu wanaidharau hiyo 25, wanameza vinne kwa mpigo.

Baba Mdogo Idi: Na jua je? Si ndiyo dawa yake ya asili?

Neema: Ndiyo, na jua haliwezi kukuzidishia D, ngozi yenyewe inajua kuacha. Lakini Shangazi tangu nyonga imsumbue hatoki nje. Tena ngozi ikizeeka inatengeneza kidogo, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi, jua la saa hiyo linakupa kidogo sana. Chakula nacho kinasaidia, samaki wenye mafuta, kiini cha yai, ini, ila mara nyingi hakitoshi peke yake.

Mwanaidi: Da Neema, nami nina swali kabla hujalala. Mtoto ana wiki sita, ananyonya tu. Nilipewa matone nikayaacha, nikaona maziwa yanatosha. Kila asubuhi namlaza dirishani apate jua.

Neema: Dirisha liko wazi au lina kioo?

Mwanaidi: Nafunga kioo, kuna upepo.

Neema: Basi joto analipata, vitamini D hapati. Mionzi inayoitengeneza inazuiwa na kioo, karibu yote. Na usimtoe jua kali kufidia, ngozi ya kichanga inaungua haraka. Endelea kunyonyesha mdogo wangu, maziwa yako hayana mbadala, ila D iliyomo ni kidogo mno. Rudisha matone: yuniti 400 kwa siku. Mtoto akikosa kwa muda mrefu mifupa inabaki laini, ndiyo matege hayo.

Mwanaidi: Nilikuwa sijui kabisa. Matone mangapi?

Neema: Inategemea chupa! Ipo ambayo yuniti 400 ni tone moja, ipo ambayo ni mililita nzima. Soma chupa uliyonayo, usikisie. Usiposhika vizuri niite nikusomee.

(saa 4:40 usiku)

Hamisi: Kalsiamu imepanda kweli. Wamemlaza, wanamwekea dripu. Figo ziko salama, alhamdulillahi. D yenyewe wanasema itachukua wiki kadhaa kushuka, watampima tena. Karatasi ya daktari tumeikuta kwenye mkoba wake, imeandikwa kwa wiki. Kwenye kichupa hakuna aliyembandikia chochote.

Neema: 🙏🙏 Asante kaka. Kesho nikimaliza zamu napitia huko.

Baba Mdogo Idi: Pole sana dada yangu. Pumzika.

Shangazi Rehema: Nimeshapoa kidogo. Mwanaidi, chupa ya mtoto umeisoma?

Mwanaidi: Nimeisoma Shangazi, na Da Neema kaiona picha. Tone moja.