Albamu ya kwanza ya Chic: ni albamu kweli au singo mbili zimejaziwa?

Mleta mada: Wakuu, nimeirudia hii Chic ya 1977, ile bendi ya disko ya Marekani. "Dance, Dance, Dance" na "Everybody Dance" sina neno, ila zile tano zilizobaki mnaniambiaje? "São Paulo" hata haiimbwi. Kwangu ni singo mbili zimejaziwa. Na msinijie na habari za disko, disko ni muziki wa wasiojua kupiga vyombo.

Fundi Besi: Hapo mwisho umechafua hewa. Wasiojua kupiga?? Kamsikilize mpiga besi wao Bernard Edwards kwenye "Everybody Dance" halafu urudi, jamaa anakwangua nyuzi kwa kidole cha shahada kama kashika piki ya gitaa, anaenda anarudi, na nyuma Tony Thompson anazipiga ngoma kama ana kesi nazo. Ebu nionyeshe hapo asiyejua

Mleta mada: Povu la nini sasa, mi nimeuliza nyimbo tano

Bi Santuri: Naomba kuuliza tu, wale wadada wawili kwenye kava ndo waimbaji?

Kapuku: Hapana, mamodo wale. Sauti kuu ni Norma Jean Wright, kwenye kava hayupo. Kwenye kuitikia yumo hadi Luther Vandross, yule mwimbaji wa R&B, kabla hajawa staa.

Bi Santuri: Kumbe! Dada wa watu anaimba, sura wanabandikwa wengine? Utapeli huo

Mzee Kanda: Utapeli wapi binti yangu. Nile Rodgers, mpiga gitaa wao, alishaeleza, aliwaona Roxy Music, bendi ya Uingereza, akapenda ile staili yao, kava modo, bendi imepiga suti. Biashara.

Bi Santuri: Shikamoo mzee wangu, ila suti haijajibu. Norma Jean katoka, albamu ya pili wameimba kina Alfa Anderson na Luci Martin na wanunuzi wala hawakushtuka. Angekuwa usoni kwenye kava ingekuwa rahisi hivyo?

Kapuku: Katoka vizuri tu, albamu yake ya 1978 wameitengeneza haohao Edwards na Rodgers. Hakuna bifu.

Mpita Njia: Mnazunguka, hii albamu imebebwa na "Le Freak"

Fundi Besi: Hiyo ya pili kaka. Walizuiwa mlangoni Studio 54, ile klabu ya disko ya New York, mkesha wa mwaka mpya wakaitunga kwa hasira, hii ilishatoka.

Mzee Kanda: Marahaba binti. Sasa mbona Ohio Players, ile bendi ya funk, huwasemi, na kava zile za mamodo nusu uchi?

Bi Santuri: Hao anzisha mada yao mzee, nakuja na kiti