Nguvu ya jeshi ni wingi wa vifaru? Wachambuzi wa vita vya Ukraine mje hapa

Mzee Ngao: Wadau, Februari 2022 wachambuzi walituambia Kyiv haimalizi wiki. Wakatupangia jedwali: vifaru huku, ndege kule, "jeshi la pili duniani". Mwisho wa Machi Warusi wakaondoka kaskazini ya Kyiv, katikati ya Aprili meli yao Moskva ikazama. Nauliza: hizi orodha za nguvu za kijeshi zina kazi gani, au ni za kubandika ukutani kama picha za timu?

Chuma Chakavu: Mbona umeishia Aprili? Mji wa Bakhmut kauchukua nani Mei 2023? Avdiivka je? Mrusi anapigana na silaha za NATO nzima pale, umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake. Sema tu humpendi.

Mzee Ngao: Mkuu, nimeuliza orodha. Sijauliza mapenzi.

Dereva wa Masafa: Kilichowaponza Warusi ni mafuta na mkate. Ule msafara wao wa kwenda Kyiv, wa kilomita sitini na ushei, si ulisimama barabarani siku kadhaa, na picha za askari wakivunja maduka kutafuta chakula zikazagaa? Tukumbuke na ya kwetu Tanzania, vita vya Kagera. Amin wa Uganda alikuwa na ndege za kivita za MiG, Gaddafi akamwongezea askari. Sisi tulisomba vijana hadi kwa malori ya watu binafsi, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Ile ndege ya Walibya, Tu-22, ilitumwa kuipiga Mwanza ikaishia kuua swala kisiwani Saanane. Nayo kwenye jedwali ilihesabiwa! Warusi wangewapelekea askari wao zile cheburek za Crimea, samosa kubwa za nyama, pengine wasingekwama.

Bint Forodhani: Umesema vizuri ukaharibu mwishoni. SAMOSA? Mtu mzima unasema samosa?

Otis wa Eastlands: Kwani iko nini? Nairobi ni samosa, na inaisha kabla chai haijapoa. Msituanze.

Bint Forodhani: Ndiyo maana zenu manda nene kama chapati. Sambusa, kaka. Zanzibar sambusa, Mombasa sambusa, Muscat futari bila sambusa watu wananuna.

Mpita Masaka: Waganda wanasema sumbusa, na wengi wanatia njegere. Nani atawapiga?

Chuma Chakavu: Njegere! Hapo Amin alistahili kushindwa.

Shangazi Mapishi: Nyote mmekosea, cheburek si sambusa wala samosa. Ile nyama inaingia mbichi, na kitunguu na maji kidogo, unga unakunjwa nusu mwezi, hadi kwenye mafuta. Ukiuma ovyo mchuzi unakuteremkia hadi kwenye kiwiko. Sambusa nyama unaikausha kwanza kwa tangawizi, thomu na pilipili, unakamulia ndimu, ndiyo ujaze kwenye manda na kugandisha kwa uji wa unga. Ikibaki na maji, manda inapasuka. Halafu cheburek ni ya Watatari wa Crimea. Stalin aliwahamisha wote Mei 1944, wengi wakatupwa Uzbekistani.

Chuma Chakavu: Haya, siasa za Crimea zimeingia kwa mlango wa jikoni! Nilijua tu. Mtasema na bahari ni ya Watatari.

Shangazi Mapishi: Mwanangu, nimesema chakula ni chao. Bahari umeileta wewe.

Dereva wa Masafa: Mimi nilitania jamani. Turudi kwenye msafara, pale matairi...

Bint Forodhani: Hakuna kurudi. Na ile ya viazi mnayouza vituo vya basi mnaiitaje?

Mzee Ngao: Nilikuwa nangoja jibu la orodha, lakini hii siiachii. Ya viazi ni sambusa halali kabisa. Nenda Kisutu, Dar.

Bint Forodhani: Mzee Ngao, kwa hilo la viazi hata zile siku za Kyiv nilizokuunga mkono nazirudisha.

Otis wa Eastlands: Ya dengu je?

Chuma Chakavu: Ya dengu ni NATO.