Kubadili mazabodi bila kupiga Windows upya: kutoka H81 kwenda H510

stationery_mwenge

Wakuu, habari zenu. Kompyuta ya ofisini ina mazabodi ya H81, prosesa i5-4570 na RAM DDR3. Tundu moja la RAM limekufa, la pili limeanza kusumbua. Nataka kuweka bodi ya H510, i5-10400 na RAM ya DDR4, lakini SSD ibaki ileile ya SATA yenye Windows 10. Ina programu ya mahesabu na printa ambazo mashine nyingine zinazitumia kupitia mtandao. Fundi Kariakoo anasema lazima kupiga Windows upya. Ni kweli? Bodi ya zamani bado inawaka.

fundi_aggrey

Si lazima, mkuu. Windows 10 ikikuta bodi mpya inasoma vifaa upya na kuendelea. Kinachoikwamisha mara nyingi ni namna diski ilivyopangwa, na hilo unalirekebisha ukiwa bado na bodi ya zamani. Kwa hiyo usifungue kasha kwanza.

Andika msinfo32 kwenye Run, tazama mstari wa BIOS Mode. Ukisoma UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), umepona. Ukisoma Legacy (njia ya zamani), diski yako ni MBR, yaani mpangilio wa zamani wa diski, na hapo ndipo penye kazi. Bodi ya H510 inayotumia picha ya prosesa yenyewe, bila kadi ya picha, haiwashi Legacy. Utafunga kila kitu sawasawa, SSD itaonekana kwenye BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka), lakini haitawaka. Wengi wakifika hapo wanafomati bure.

Piga bakapu ya diski nzima kwa Clonezilla (programu ya kunakili diski) kwenye diski ya nje, kisha fungua CMD kama administreta, uigeuze MBR kuwa GPT, mpangilio unaotakiwa na UEFI:

mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS

Amri ya kwanza inakagua tu, haibadilishi kitu. Ikikataa, hesabu patisheni za msingi: zisizidi 3. Ya pili ikimaliza, ingia BIOS ya H81, toa Legacy weka UEFI, uwashe. Isipowaka hapo, usihame bado.

binti_tabata

Naongezea. Kabla hata ya mbr2gpt, piga manage-bde -status. Kama C: imefungwa na BitLocker (kufuli ya Windows ya kusimba diski), itoe kwa manage-bde -off C: na usubiri imalize kabisa. Ufunguo wake huwa umefungwa kwenye TPM (chipu ya kutunza funguo) ya bodi ya zamani. Bodi mpya itakudai namba ya tarakimu 48, na ukiwa huna, data ndiyo imekwenda.

Kwenye BIOS ya bodi mpya, SATA iwe AHCI (namna bodi inavyowasiliana na diski) kama ilivyokuwa kwenye ya zamani, si RAID wala Intel RST. Ikiwa tofauti, Windows haiwezi kusoma diski yake yenyewe na unapata skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukiiona, usiguse Windows, rudi BIOS.

Draiva ya LAN (mtandao wa waya) ya H510 iweke kwenye flashi mapema. Bila mtandao hupati draiva nyingine.

kebo_na_swichi

Hizo printa ndizo zitakazokusumbua siku ya kwanza. Kadi ya LAN ya bodi mpya Windows inaiona kama kadi ngeni kabisa, hivyo IP ya kudumu (anwani ya mashine kwenye mtandao) uliyoiandika inabaki kwenye kadi ya zamani. Ukiiandika tena itakuonya kuwa inatumiwa na kifaa kingine. Fungua Device Manager, washa kuonyesha vifaa vilivyofichwa, futa ile kadi iliyofifia, ndipo uandike IP. Halafu angalia mtandao umewekwa Private. Ukikaa Public, mashine nyingine hazitaziona printa.

Programu ya mahesabu nayo, kama leseni yake imefungwa kwenye mashine, itoe kwenye bodi ya zamani kabla ya kuizima. Leseni ya Windows iunganishe na akaunti ya Microsoft mapema, kisha baada ya kuhama tumia Troubleshoot kwenye ukurasa wa Activation. Kama ni leseni ya OEM iliyokuja na kompyuta, hiyo ni ya bodi ile. Tenga hela ya nyingine.

stationery_mwenge

Shukrani sana wakuu. Kasha ni la Dell OptiPlex 3020, nalitumia hilohilo.

fundi_aggrey

Hapo simama kwanza. 3020 pawa saplai yake ina plagi kuu ya pini 8, wakati H510 za madukani zinataka ya pini 24 pamoja na ile ya prosesa. Nunua kasha la ATX na pawa saplai yake. Hesabu misumari ya shaba iliyo chini ya bodi: ukiacha mmoja mahali ambapo bodi haina tundu, unagusa nyuma ya bodi na kupiga shoti.

Siku ya kuwasha iwe kwenye UPS. Mara ya kwanza itakaa inaandaa vifaa na inaweza kujizima na kuwaka yenyewe. Umeme usikatike hapo. Na ile diski ya bakapu usiifute mpaka printa zote zimetoa karatasi.