Nimelipa 70,000 kwenda kulala sakafuni, halafu naambiwa "maiti haongei"!

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia ndani saa sita na robo usiku hii, sijavua hata viatu, chaki bado iko mgongoni. Naandika hivi hivi na hasira zangu.

Yule bwana mnamjua. Kofia ya pama, fimbo asiyoihitaji, Kiswahili cha puani utadhani kazaliwa juu ya meli. Ndiye aliyeandaa huo usiku wa kusaka muuaji kwenye ile maktaba ya zamani mjini, yenye kabati za vitabu mpaka darini. Kila mgeni anapewa kadi ya uhusika, mmoja wenu ndiye muuaji na hamumjui, mnahojiana, mnakusanya ushahidi, mwisho mnapiga kura. Kiingilio 70,000 kwa kichwa. Mimi na mama watoto 140,000!

Mlangoni mnaokota kadi kwenye bakuli. Mama watoto kapata mke wa daktari wa Kijerumani. Bosi wake, aliyetualika, kapata afisa wa forodha. Mimi nafungua yangu: MAREHEMU. Nikajua labda nitakufa mwishoni mwishoni. Nimekufa saa moja na nusu jioni, wakuu! Nimefufuliwa saa nne kasoro dakika kumi!

Saa mbili na dakika ishirini niko chali. Wamenizungushia mstari wa chaki, umepanda mpaka kwenye suti yangu ya bluu niliyoshonesha Kariakoo. Mbu wa mjini wamepata habari kwamba kuna mtu hapigi. Mmoja kanitua kwenye kope la kushoto, nikamhisi anavyojipanga miguu, anachagua pa kuchoma. Sinia la sambusa limepita juu ya pua yangu mara nne, nanusa bizari na pilipili, hakuna aliyekumbuka kwamba marehemu naye kalipa.

Hayo yote nilivumilia. Sasa sikilizeni.

Kisa chenyewe kimewekwa mwaka 1916, Septemba, Waingereza wanaingia Dar. Ukafika ushahidi mkuu, barua ya marehemu, yaani barua YANGU, ikasomwa kwa sauti: "Kesho naondoka Tanzania."

Jamani. TANZANIA. 1916! Hata Tanganyika ilikuwa bado, hilo jina limekuja 1920 chini ya Waingereza. Tanzania tumeipata Oktoba 1964, miezi sita baada ya Muungano. Hapa palikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa hiyo barua ni ya kughushi, na aliyeileta ndiye muuaji, kesi imekwisha! Nikainua kichwa kwa adabu kabisa, nikasema, "Samahani bwana, hiyo barua..."

Akanigonga kiatu kwa ile fimbo. "Maiti haongei!"

Ukumbi mzima makofi. Bosi wa mke wangu kacheka mpaka kapaliwa sambusa. Na mke wangu, mke wangu wa ndoa, kaweka kidole mdomoni: "Shiii."

Maiti haongei! Mimi! Na rafu ya historia iko hatua tatu kutoka kichwani pangu, angenyoosha tu mkono! Zile meza nimesomea tangu niko sekondari. Tulikuwa tunakemewa pale ili mwenzako asome. Leo nimekemewa ili uongo usomwe.

Mwisho wakasema muuaji ni mtunza bustani. Nikamfuata yule bwana mlangoni, na barua je? "Kosa la uchapaji." Kosa la uchapaji la miaka 48! Akanigonga na bega, eti pole marehemu.

Nataka 70,000 yangu. Ile ya mke wangu abaki nayo, si alicheka.

Chaurembo wa Buza: Umekufa saa moja na nusu, saa sita unafungua uzi. Huu ni mzimu. Mods fungeni.

Kidume Tandika: Nimesoma yote nikitafuta muuaji, kumbe mtunza bustani. Rudisha bando langu.

Muuguzi wa Zamu: Kitaalamu, taya na shingo huanza kukakamaa kama masaa mawili hivi baada ya kufa. Ulivyoinua kichwa ulitoka kwenye uhusika. Bwana wa kofia yuko sahihi.

Mleta uzi: Dada muuguzi, shingo tuiache. BARUA! Tanzania, 1916! Halafu kanigonga kiatu kwa fimbo, mbele ya bosi!

Mzee wa Upanga: Mnapenda vya Waingereza. Cluedo, ule mchezo wao wa mezani wa kusaka muuaji, wanaiuza tangu 1949, watuhumiwa 6, silaha 6, vyumba 9, na maktaba ni kimojawapo. Sisi tuna Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu 1960, mbona hamumchezi?

Kidume Tandika: Mzee shikamoo. Bwana Msa angemwambia huyu alale vizuri.

Mama Wawili Mbagala: Bora wewe ulilala. Mimi nimechanga 100,000 ya sendoff wiki iliyopita, nimekalishwa nyuma ya spika, pilau ikaishia meza ya tatu. Mimi nipo ya kumi na moja!

Chaurembo wa Buza: Ya kumi na moja mbona ulikuwa karibu. Mimi kipaimara nilikaa nje na madereva.

Muuguzi wa Zamu: Mama Wawili, hiyo kamati ni ya Kinyerezi? Yule mweka hazina anayetuma ujumbe wa kukumbusha michango saa kumi na moja alfajiri?

Mama Wawili Mbagala: Huyo huyo! Na nyama anapima kwa kijiko cha chai!

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye barua.

Kidume Tandika: Maiti haongei. Mama Wawili, endelea, soda mlipewa?

Mama Wawili Mbagala: Soda moja watu wawili. Ya moto.

Mzee wa Upanga: Ya moto!! Leteni jina la huyo mweka hazina, mwanangu anaoa mwezi wa kumi na mbili, nisije nikamchagua.