Tupeane uzoefu: ni kitu gani ulichotengeneza kwa vikorokoro vya nyumbani na bado kinatumika?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wadau, naomba tupeane uzoefu wa kazi ndogondogo za mikono zinazotokana na vitu ambavyo kwa kawaida huishia jalalani: nguo zilizochakaa, makopo, viroba, kalenda za mwaka uliopita na kadhalika. Sharti langu ni moja tu, kwamba kitu chenyewe kiwe bado kinafanya kazi nyumbani kwako, kwa maana mapambo yanayopendeza pichani na kutupwa kabla ya mwezi kwisha tumekwisha kuyaona ya kutosha.

Naanza mimi. Mlangoni kwangu pana kifuta miguu kilichosukwa kwa fulana kuukuu. Fulana hufaa kuliko shati kwa sababu kitambaa chake hakifumuki nyuzi pembeni. Ukikikata kwa kukizunguka, kuanzia pindo la chini hadi kwapani, kwa upana wa vidole viwili, unapata utepe mmoja mrefu usio na kiungo, na ukiuvuta kwa nguvu hujikunja wenyewe na kuficha kingo zilizokatwa. Tepe tatu husukwa pamoja, kisha msuko huo huzungushwa kuanzia katikati na kushonwa duru kwa duru kwa uzi wa magunia. Kazi ya kushona ifanyike mezani au sakafuni, wala si mapajani, na uzi usikazwe mno, la sivyo ukingo utanyanyuka na utajikuta umetengeneza kawa.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Ahsante kwa mada. Mimi ni fundi cherehani, na vipande vya vitenge na kanga vinavyobaki chini ya meza yangu navishona kuwa vishikio vya sufuria. Tabaka za nje huwa kitenge, na ndani naweka taulo kuukuu lililokunjwa mara mbili, halafu napitisha mishono ya kukatiza ili taulo lisijikusanye upande mmoja baada ya kufuliwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni aina ya kitambaa, kwa sababu siku hizi vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kitenge vimechanganywa na nyuzi za plastiki, na hizo zikigusana na sufuria ya moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kabla ya kushona, chomoa nyuzi chache na uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya udongo. Pamba huungua na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Plastiki hunywea, hudondoka, na hubakiza punje ngumu nyeusi. Kipande kilichobakiza punje nakitumia kwa mkoba au foronya, hakikaribii jiko.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Kwangu ni mikoba ya sokoni ya viroba vya mchele vya kilo 25. Nilianza kuishona baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na wenzetu wa Kenya walikwisha kutangulia tangu Agosti 2017. Kiroba hakiraruki kwa uzito wa viazi, ila kina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, pindo lake hufumuka upesi, hivyo likunjwe mara mbili kabla ya kushonwa. Pili, hakivumilii jua: mkoba ukiachwa uanikwe juani siku nyingi, nyuzi zake hukauka na kupukutika vumbivumbi, kwa hiyo ukishaufua uanike kivulini. Mikono ya mkoba naifanya kwa mkanda wa begi la shule lililochoka.

Mchangiaji kutoka Lamu

Huku kwetu ndala zilizokatika hazikosi kazi. Watoto huchonga vimashua kwa soli yake, wakachomeka kijiti cha mlingoti na tanga la kipande cha mfuko, kisha wakavishindanisha maji yakiwa yamejaa. Nadhani si ajabu basi kwamba jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na kufunikwa kwa vipande vya ndala za rangi zote, liliundwa hapa na mafundi wa hapa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kwa matumizi ya nyumbani, soli ya ndala ikatwe viduara na kugundishwa chini ya miguu ya viti. Sakafu haikwaruziki na kelele za kuburuta viti hupungua.

Mchangiaji Mkenya anayeishi Kampala

Shanga za karatasi ni ufundi uliokolea sana huku Uganda, na mtaji wake ni kalenda ya zamani. Kata pembetatu nyembamba, tako lake upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 30 hivi. Ikunje juu ya njiti nyembamba kuanzia kwenye tako, ukiikaza na kuhakikisha ncha inabaki katikati, kisha paka gundi sehemu ya mwisho tu, maana gundi ikipita hadi kwenye njiti shanga haitachomoka. Zikikauka, zitunge kwenye uzi, zichovye kwenye vanishi na uzitundike zisigusane. Binti zangu wamezitunga kuwa pazia la mlango wa jikoni, na nzi wamepungua.

Mchangiaji kutoka Arusha

Naomba nipingane kidogo na ari hii. Si kila kikorokoro kinastahili kufanywa kitu. Maua ya chupa za maji, kwa mfano, hushika vumbi, hayafutiki vizuri, na mwisho hutupwa yakiwa yamepakwa rangi na gundi, hali ambayo humfanya hata mnunuzi wa chupa kwa kilo ayakatae. Chupa tupu mimi nawapa waokotaji wakauze.

Mwanzisha mada

Hoja yako naikubali, na ndiyo sababu ya lile sharti. Nilivyoona, kitu hudumu pale ambapo sifa ya malighafi yenyewe ndiyo inayotakiwa: fulana hunyonya maji, kiroba hubeba uzito, ndala haitelezi.

Mchangiaji kutoka Tanga

Naongezea kopo la maziwa ya unga, ambalo kwetu limekuwa kifuniko cha mshumaa, chenye matundu ya kupitisha mwanga, umeme unapokatika. Ukilitoboa likiwa tupu litabonyea, kwa hiyo lijaze mchanga uliolowa na kushindiliwa, ndipo upige msumari. Na ndugu wa Kampala, je, gundi ya unga inafaa kwa hizo shanga? Ya kwangu hushambuliwa na mende.

Mchangiaji kutoka Pemba

Inafaa. Koroga unga wa ngano kwa maji ya baridi kwanza usifanye madonge, uteleke kwa moto mdogo hadi ung'ae, kisha tia matone machache ya mafuta ya karafuu. Gundi itachelewa kuvunda. Dhidi ya mende, kinga ni vanishi, nayo izipake shanga hadi kwenye matundu ya ncha zote mbili.